KIWAVI HUYU NI WA KIPEPEO AU WA NONDO? ANZA KUUANGALIA MMEA

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo, naongelea viwavi. Ndiyo, viwavi! Wale wale wa kwenye majani ambao wengi tukiwaona tunatafuta kandambili au tunakimbilia duka la pembejeo.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Tangu viwavijeshi vamizi waingie Afrika mwaka 2016, na hapa Tanzania wakaripotiwa 2017, kila mdudu anayetambaa juu ya jani amebatizwa jina hilo hilo. Kiwavi wa kwenye mlimau, kiwavijeshi. Kiwavi wa kwenye pasheni, kiwavijeshi. Hata kiwavi wa kwenye maua ya mama mwenye nyumba, naye kiwavijeshi! Na dawa inayofuata ni ile ile ya mahindi. Hapa Muheza nimeshaona kwa macho yangu mtu anapulizia tuta la matembele saa kumi na mbili jioni, kesho yake asubuhi mafungu yako sokoni, mimi na wewe tunanunua na kwenda kuunga na nazi. Kwenye chupa ya dawa kumeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, lakini maandishi yenyewe madogo na nani anasoma. Kwa hiyo kumjua kiwavi siyo mambo ya wazungu wenye darubini peke yao. Yanaingia mpaka kwenye sahani yako.

Mimi nimemaliza form four tu, sijasomea wadudu chuoni. Ila nimekulia kwenye michungwa, na wilaya yetu ina msitu wa Amani kule juu Usambara, ambako kuna wanavijiji waliofuga vipepeo kama watu wanavyofuga kuku (nitafika huko). Haya twende.

MMEA KWANZA, MDUDU BAADAYE

Watu wengi wakiona kiwavi wanaanza na rangi. "Wa kijani", "mweusi mweusi hivi". Rangi itakupoteza, kwa sababu kiwavi mmoja anaweza kubadilika sura kabisa ndani ya wiki mbili tatu. Swali la kwanza liwe: amekaa kwenye mmea gani, na anaula au anapita tu?

Sababu yake ni mama yake. Kipepeo jike hatagi popote anapotua. Anatua kwenye jani, analigonga gonga na miguu ya mbele, na miguu hiyo ndiyo inayoonja. Kama jani si lenyewe anaondoka. Kama ni lenyewe anaacha yai. Watoto wake wengi wanakula mmea wa aina moja au wa ukoo mmoja, na ukiwapa jani la ukoo mwingine wanakufa njaa huku jani liko mdomoni. Ndiyo maana ukijua mmea umeshapata nusu ya jina la kiwavi, na hofu ya kwamba kiwavi wa mlimau atahamia kwenye mchicha unaitoa kichwani kabisa.

Cha pili angalia miguu. Kiwavi wa kweli ana miguu sita midogo yenye ncha karibu na kichwa, halafu nyuma ana miguu minene ya nyama, isiyozidi jozi tano. Ukihesabu ya nyama ukapata jozi sita au zaidi, huyo siyo mtoto wa kipepeo wala wa nondo, ni mtoto wa mdudu wa jamii ya nyigu. Ukikuta jozi mbili tu nyuma kabisa na anatembea kwa kujikunja kama mtu anayepima kitambaa kwa shubiri, huyo ni wa nondo.

Cha tatu, manyoya. Wale wenye manyoya marefu mengi kama brashi, ukiwagusa unajikuna mpaka usiku, karibu wote ni watoto wa nondo. Viwavi wa vipepeo wengi ni laini, au wana miiba. Usichanganye miiba na manyoya. Mwiba wa kiwavi wa kipepeo unaonekana kama kitawi kidogo kigumu chenye vijitawi vyake, unatisha lakini kwa kawaida hauwashi. Hata hivyo usiyemjua usimshike kwa mkono mtupu, tumia kijiti au jani.

MLIMAU, MCHUNGWA, MDIMU, MCHENZA

Hapa ndipo pa kuanzia kwa sababu karibu kila uwanja wa pwani una mlimau au mdimu, na kiwavi wake ni rahisi kuliko wote. Ni mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano, kwa kilatini Papilio demodocus. Utamkuta kuanzia Afrika Kusini mpaka huku kwetu na kuendelea juu.

Yai ni kiduara kidogo cha njano iliyofifia, kama punje ndogo ya ulezi, na linatagwa moja moja kwenye majani machanga. Kiwavi akitoka anakula gamba la yai lake kwanza. Siku za mwanzo ni wa kahawia na weusi, katikati ana baka jeupe, na ukimwona utaapa ni kinyesi cha ndege. Ndiyo ujanja wenyewe! Anakaa juu ya jani, mchana kweupe, na ndege wanampita.

Halafu anajivua ngozi mara kadhaa, na akifika hatua ya mwisho anageuka kijani mwenye mabaka ya kahawia na meupe, amevimba mabegani, na juu ya mabega ana alama kama macho. Sasa anafikia sentimita 4 na kitu. Watu wengi wanadhani hao ni wadudu wawili tofauti. Nimeshasikia mabishano kijiweni mtu na mtu, mmoja anasema mlimau wake una wadudu weusi, mwingine anasema wake wana wadudu wa kijani, kumbe wote wanaongelea mtoto mmoja.

Ukitaka uhakika mguse taratibu na kijiti nyuma ya kichwa. Atatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, kama ulimi wa nyoka, na harufu kali ya limau iliyooza. Hizo pembe haziumizi mtu, ni za kufukuza sisimizi na wadudu wengine. Kiwavi mwenye pembe za kujitokeza namna hiyo ni wa ukoo huu wa vipepeo wakubwa tu, nondo hana. Utazikuta pia kwa viwavi wa mtopetope, ambao ni binamu zao.

Kwenye mlimau huo huo, hasa ukikaa karibu na msitu, unaweza kukuta wa Papilio dardanus. Kiwavi wake naye ni kijani na ana pembe vile vile. Dume la kipepeo huyo lina mikia kwenye mbawa, rangi ya maziwa na weusi, lakini majike yake huku bara hayana mikia na yanaiga sura za vipepeo wengine wenye sumu. Wataalamu wameandika vitabu juu ya hayo majike tu.

Sasa siyo kila kinachoharibu mchungwa ni kipepeo. Jani lililojikunja likiwa na njia ya fedha inayozunguka zunguka ndani yake kama ramani, huyo ni mtoto wa kinondo kidogo sana anayeishi ndani ya jani. Na ukipasua chungwa ukakuta kiwavi mwenye rangi ya waridi anatafuna ndani, huyo naye ni wa nondo. Kiwavi wa Papilio hali tunda. Anakula majani basi.

Je ni adui? Inategemea. Mchungwa mkubwa wenye miaka kumi hata wakija kumi hautikisiki. Ila kitalu ni habari nyingine. Mama yangu mdogo anauza miche ya michungwa na michenza, na mche wenye majani kumi na mbili ukipata viwavi wawili wakubwa, kesho unakuta fimbo. Siku moja nimempitia:

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Njoo uone wadudu wako walivyonifanya!"

Miche 9 imebaki vijiti. Alikuwa ameshapewa chupa ya dawa na jirani. Tukakaa chini na ndoo, tukapita mche mmoja mmoja, nusu saa tumetoa viwavi 30 na kitu, mayai tumeyafuta kwa kidole, na viwavi tukawahamishia kwenye mdimu mkubwa wa nyuma ya nyumba. Dawa ikabaki kwenye chupa. Siku hizi anapita kila baada ya siku tatu asubuhi kabla ya jua kuwa kali, anaangalia majani machanga peke yake, kwa sababu mama kipepeo anapenda hayo. Kama una maji moto (wale sisimizi wa rangi ya chungwa wanaoshona majani) kwenye mchungwa wako, usiwachome. Wanang'ata kweli, lakini wao ndio wanaokula viwavi usiku na mchana bila kudai mshahara.

MATEMBELE

Hapa kuna wawili wa kuwajua, na huyu wa kwanza ndiye kipepeo adui kweli. Anaitwa Acraea acerata, kipepeo mdogo wa rangi ya chungwa mwenye kingo za kahawia. Anasumbua sana Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ambako viazi vitamu ni chakula cha kila siku. Yeye hatagi moja moja, anabandika mayai ya njano mengi kwa pamoja kwenye jani, yanaweza kupita mia. Watoto wakitoka wanakaa kundi ndani ya utando mwembamba kama wa buibui, wanakwangua jani mpaka linabaki wavu. Ni weusi wa kijani na wana miiba yenye matawi. Wiki kama mbili hivi wanaishi pamoja, halafu wanatawanyika, na hapo ndipo wanapowashinda watu, kwa sababu mchana wanajificha chini kwenye udongo na usiku wanapanda kula. Unaamka unakuta tuta limeliwa na mdudu humuoni.

Kwa hiyo muda wa kupambana naye ni wakati bado yuko kwenye utando. Ukiona jani lenye utando na vitu vyeusi vinavyocheza ndani, kata jani lote, ponda au choma. Umeondoa mia kwa mkono mmoja na matembele yako unayala jioni hiyo hiyo.

Wa pili ni yule dude kubwa, nene kama kidole gumba, kijani au kahawia, na mkiani ana pembe moja iliyopinda. Watoto wanamwogopa wanadhani pembe inachoma. Haichomi! Ni mtoto wa nondo mkubwa, Agrius convolvuli, anayekuja kwenye maua jioni na kuelea hewani kama ndege huku ananyonya. Akishiba anaingia ardhini. Ukilima ukachimbua kitu cha kahawia chenye kishikio kama cha jagi, ndiyo yeye amelala, na kishikio kile ni mfuko wa mrija wake mrefu wa kunyonyea.

MTI WA UTOMVU MWEUPE

Kuna mti mfupi unaota kwenye viwanja vitupu na pembeni ya barabara za pwani, majani manene ya kijani iliyofifia kama yamepakwa vumbi, maua meupe yenye zambarau, ukivunja unatoa maziwa. Kwa kilatini Calotropis procera. Ndugu zake wadogo wanapandwa bustanini kwa ajili ya maua mekundu na ya njano. Maziwa hayo ni sumu na yakiingia machoni ni hatari, kwa hiyo nawa mikono.

Geuza majani. Kiwavi wa hapo huwezi kumkosea: pete nyeusi, nyeupe na njano mwili mzima, kama soksi za timu, na pembe nyeusi laini jozi tatu, mbele, katikati na nyuma. Ni mtoto wa Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe. Hajifichi kwa sababu sumu ya mmea ameihifadhi mwilini na ndege akimwonja mara moja anajuta. Pupa yake inaning'inia kichwa chini, kijani au waridi, ina vidoa vinavyong'aa kama dhahabu. Kwangu mimi ndiyo kitu kizuri kuliko vyote kwenye ukurasa huu.

Huyu ana mwigaji wake. Jike la Hypolimnas misippus limefanana na Danaus kiasi kwamba likiruka unakosea, lakini halina sumu yoyote. Dume lake ni jeusi na lina madoa makubwa meupe, utadhani siyo mke na mume. Sasa angalia viwavi: wa misippus ni mweusi, ana miiba mwili mzima na pembe mbili juu ya kichwa, na anakula magugu mengine ya chini kabisa, siyo mti wa utomvu. Wakubwa wamefanana, watoto hawafanani hata kidogo. Ndiyo maana nasema mmea kwanza.

WENGINE KWA HARAKA

Mjohoro na ndugu zake wenye maua ya njano: kiwavi kijani laini mwenye mstari wa njano ubavuni, mara nyingi na vidoa vyeusi juu yake. Ni Catopsilia florella, wale vipepeo weupe na wa njano wanaopita makundi kwa makundi upande mmoja kama wanahama. Kwa kweli wanahama.

Pasheni: makundi ya viwavi wenye miiba ni wa jamii ile ile ya Acraea, ila hawa hawagusi matembele yako.

Kunde na marejea: fungua ua au ganda, utakuta kitu bapa kama konokono asiye na gamba. Lampides boeticus, kipepeo mdogo wa bluu mwenye vimikia. Sisimizi wanamfuata.

Kabichi na sukuma wiki: kile kidogo cha kijani ambacho ukikigusa kinajipinda kinyumenyume na kushuka kwa uzi, ni cha nondo. Wakulima wa kabichi za Lushoto wanakijua vizuri mno.

Na kiwavijeshi vamizi mwenyewe, ambaye jina lake tunampa kila mtu? Ni wa nondo, hana miiba, mtafute kwenye mahindi ndani ya kikonyo. Usoni ana alama nyeupe ya Y iliyogeuzwa juu chini, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba kama miguu ya meza. Hana Y na hana meza, msimwite kiwavijeshi.

JINSI YA KUWAONA

Usitafute kiwavi, tafuta kazi yake. Jani lililoliwa pembeni likaacha ukingo laini, na vinyesi kama chembe za pilipili manga kwenye jani la chini. Vinyesi vikiwa vibichi na vyenye unyevu, yuko juu yako hapo hapo. Wiki mbili baada ya mvua za kwanza, miti inapochipua, ndiyo msimu. Usiku nenda na tochi, wengi wanatoka. Piga picha tatu: kiwavi kwa juu, kiwavi ubavuni miguu ionekane, na mmea wenyewe pamoja na ua lake kama lipo. Watu wananiletea picha ya mdudu amejaa kwenye skrini, mmea hauonekani, halafu wanauliza jina!

Ukikuta kiwavi ana vitu vyeupe kama punje za mchele vimemganda mgongoni, siyo mayai yake. Ni vifuko vya nyigu wadogo waliokua ndani ya mwili wake. Huyo mwache, nyigu hao watakusaidia bustanini kuliko chupa.

KUMFUGA

Njia ya uhakika ya kumjua ni kusubiri awe mkubwa. Chukua ndoo ya plastiki au chupa kubwa ya mdomo mpana, funika kwa kipande cha chandarua, chini weka gazeti. Kila siku badilisha majani, ya mmea ule ule uliomkuta, yasiyo na dawa wala maji yanayotiririka. Weka kijiti kimesimama. Akiacha kula na kuanza kuzurura, usimsumbue, anatafuta pa kujifunga. Kiwavi wa mlimau anajifunga kiunoni kwa uzi kama fundi wa nguzo za umeme, kichwa juu. Nondo wengi wanajisokotea kifuko cha nyuzi au wanaingia udongoni, kipepeo pupa yake kwa kawaida iko wazi.

Kazi hii hii ndiyo biashara. Gede, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kenya, mradi wa Kipepeo ulianza 1993, wanakijiji wanafuga na pupa zinauzwa kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Kule Amani nako wanavijiji waliingia kwenye kazi hiyo kupitia Amani Butterfly Project, wakapanda mimea ya viwavi kwenye vizimba vya neti, na msitu ukawa na faida ukiwa umesimama. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo humo pamoja na twiga na nyani. Mtu aliyekuwa anasomesha mtoto kwa pupa akabaki na kizimba na majani. Mimi naona kuweka kipepeo anayefugwa kwenye neti kapu moja na twiga wa porini haikuwa haki, na wenye maoni tofauti uwanja ni wenu hapo chini.

Kwa wanaofuga nyumbani, jambo moja la mwisho. Siku moja kabla ya kutoka, pupa inakuwa nyeusi na unaona rangi za mbawa kwa ndani. Asubuhi yake usiende mbali. Akitoka mbawa zimekunjamana na zimelowa, anahitaji pa kuning'inia na saa kadhaa za kukauka. Usimsaidie kwa kidole wala usimpulize, mbawa zikikauka zikiwa zimekunjwa haziruki tena. Fungua chandarua, mwache.